Chokaa ya Mzee Kombo

Kombo bin Jumbe hakupata kupanda ndege hata siku moja, lakini kutoka Mwera mpaka mtoni watu walimwita Kombo Mwenye Ndege, naye aliitikia. Angekataaje? Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba yake, fyekeo lilikuwa mkononi mwake, na ndege ya misheni haikutua mpaka ione moshi wake. Wapo wanaume wanaojivunia wake zao, na wapo wanaojivunia minazi. Kombo alijivunia nyasi fupi. Mbuzi wa jirani akikanyaga uwanja, jirani atakoma wiki nzima kwa maneno.

Misheni ilifika mwaka wa hamsini na tatu, ikajenga zahanati ya vyumba viwili na kumweka dresa mmoja wa kufunga vidonda na kutoa dawa, Laurenti, kijana wa Kibondei asiyependa maneno mengi. Hospitali yenyewe ilikuwa Tanga, na barabara ya Tanga ilikuwa na mto, na pantoni, na tope. Masika ikishuka, barabara hiyo hubaki jina. Kwa hiyo misheni ikakata uwanja msituni, na kila Jumanne ndege yao ndogo ikawa inampeleka daktari kwenye zahanati za kusini, ikirudi inachukua mgonjwa aliyezidiwa. Kombo, aliyekuwa amekata mkonge mpaka mgongo ukamkatalia, akapewa kazi ya kuutunza uwanja. Alifyeka, alifukia mashimo, alifukuza mifugo. Jumanne asubuhi aliwasha majani mabichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo unakotoka. Moto mmoja maana yake salama. Mioto miwili maana yake kuna mgonjwa, shuka.

Mwaka uliofuata, mioto miwili ilimwakia binti yake mwenyewe.

Chiku alikuwa mtoto wa pekee aliyembakia. Alikuwa ameolewa Makorora, mjini Tanga, na Miraji, fundi mwashi, kijana mpole wa mikono mikavu kwa saruji. Na mila ya kwetu haijifichi: mwana akikaribia kujifungua hurudi kwa mama yake, akazalie mahali anapoweza kulia bila kuona haya. Chiku akaja kwao. Uchungu ukamshika Jumapili, Jumatatu mtoto hatoki, na Bi Mwanahamisi, mkunga wa kijiji, akatoka chumbani anafuta mikono na hasemi kitu. Jumanne Kombo aliwasha mioto miwili. Ndege ilishuka, ikamchukua Chiku, na kabla ya adhuhuri alikuwa amepasuliwa Tanga na mtoto analia. Walimwita Mwatumu. Kijijini walimwita Binti Ndege.

Daktari aliwaambia Chiku na mumewe neno moja tu: mtoto mwingine asizaliwe popote ila hospitali hii, kwa sababu tumbo lililopasuliwa haliaminiki. Miraji alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Kombo yeye alishika habari ya ndege. Tangu siku ile alitembea kijijini kama aliyeiunda mwenyewe, na mtu akipatwa na homa tu, Kombo anauliza, "Niiite?"

Sasa sikiliza jinsi uwanja ulivyokufa. Vuli ya mwaka wa hamsini na sita, muhanga, yule mnyama mfukua mchwa, alichimba shimo usiku katikati ya uwanja. Muhanga haulizi ruhusa. Asubuhi Kombo alipita upande wa minazi, akaona kumekaa vizuri, katikati na upande wa pili hakwenda, maana siku hiyo alikuwa na wageni wa kuonyeshwa namna moshi unavyowashwa. Gurudumu likaingia shimoni, bawa likavunjika, rubani akapasuka kipaji cha uso. Hakuna aliyemtukana Kombo. Mzungu wa misheni alikuja, akapima pima, akatikisa kichwa, akasema udongo huu ni mwepesi mno na msitu uko karibu mno. Uwanja ukafungwa. Zahanati nayo ikafuata, na Laurenti akahamishiwa Pangani. Ndege mpya iliendelea kupita kila Jumanne kwenda kusini, lakini juu kwa juu.

Kazi ya mwisho aliyopewa Kombo ilikuwa kukusanya mawe ya ukubwa wa kichwa, kuyapanga mistari miwili mirefu inayokatana katikati ya uwanja, kisha kuyapaka chokaa. Rubani yeyote akiona alama hiyo anajua hapatuliwi. Idarusi, jirani yake, alicheka mpaka akakaa chini. "Kombo, leo umekuwa padri? Unatulazia msalaba nyuma ya msikiti?" Kombo hakucheka.

Aliambiwa ayapake mara moja. Kombo aliyapaka kila mwezi, kwa chokaa nzito ya Tongoni, na uwanja aliufyeka vile vile kama zamani, wala hapakuwa na mtu aliyemtuma. Kwa nini? Ukimuuliza angekwambia kwamba mzungu akipita juu na kuona kazi safi, atasema, yule bwana bado yupo, tumfungulie. Mimi nadhani ni aibu. Shimo la muhanga lilikuwa limemwingia rohoni, akawa anafyeka ili alizibe.

Huko Tanga hakupeleka habari. Hilo ndilo la kulishika katika yote haya.

Mwezi wa pili mwaka wa hamsini na saba alisikia Chiku ana mimba ya miezi saba. Akafunga jogoo, akatia muhogo kwenye gunia, akaenda Makorora. Mkewe Kijakazi alimfuata mpaka njiani. "Ukifika waambie ukweli wa uwanja," alisema. "Mtoto akae huko huko, nitakwenda mie nikamtunze." Kombo akasema sawa.

Miraji alimpokea mkwewe kwa heshima zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua mwenzio. Siku zimekaribia."

Miraji alimtazama Chiku, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, kisha akatazama chini. "Baba, daktari alisema safari hii azalie hapa. Hospitali si mbali, tunakwenda kwa miguu."

"Daktari alisema awe karibu na hospitali. Mie hospitali inanijia kwa mabawa mpaka mlangoni. Au umesahau nani alimwokoa?"

"Sijasahau, baba. Na uwanja uko sawasawa?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, tayari. Lakini mbele yake alikaa mkwe, na ndani ya nyumba walikuwa majirani wawili waliokuja kumwona Kombo Mwenye Ndege kwa macho yao. Aseme nini? Kwamba shimo la mnyama limemvua cheo?

"Nimeufyeka juzi," akasema.

Halikuwa uwongo, na ndio ubaya wake. Miraji alikuwa na adabu, na mtu mwenye adabu hamwulizi baba wa mkewe swali lile lile mara mbili. Alimfungia Chiku vitu vyake, akambeba Mwatumu mpaka kwenye lori, akasema angekuja masika ikipungua.

Chiku aliyaona mawe jioni ile ile. Alisimama ukingoni mwa uwanja na mtoto mgongoni, akayatazama meupe yalivyolala kwenye majani.

"Baba, hiki nini?"

"Alama tu. Wamefunga kwa muda."

"Tangu lini?"

"Watafungua. Unaona mwenyewe ulivyo safi."

Chiku alimweka mtoto vizuri mgongoni. Alimjua baba yake. Alijua pia kwamba akirudi Tanga wiki ile, Miraji atauliza kulikoni, na jibu litamvua baba yake nguo mbele ya mkwe, na kwa mkwe mtu havuliwi nguo akazivaa tena. Usiku ule Kijakazi alimgombeza Kombo mpaka sauti ikamkauka: mrudishe mtoto, mrudishe kesho. Kombo akasema wiki ijayo. Chiku mwenyewe, kutoka chumba cha pili, akasema, "Mama, tuache. Nitakwenda wiki ijayo." Alikuwa anamsitiri baba yake. Mvua ikaanza siku ya nne, mapema kuliko ilivyozoeleka, na haikukatika. Mto ukapanda, pantoni ikafungwa kwa minyororo, na wiki ijayo haikuja.

Uchungu ulianza mwezi wa nne, Jumatatu alfajiri. Adhuhuri Bi Mwanahamisi alitoka chumbani, na safari hii alisema. "Mtoto kalala upande, na pale paliposhonwa panauma kuliko uchungu wenyewe. Huyu si wangu. Mpelekeni."

Idarusi akaja na vijana sita na kitanda cha kamba. Mvua ilikuwa imepumua kidogo. Shauri lake lilikuwa wambebe mpaka mtoni, ambako mjomba wake alikuwa na mtumbwi na aliujua mto hata ukifura. Ng'ambo yake ni Pangani, na Pangani kuna Laurenti, na kuna gari la serikali. Walikuwa wamekwisha kukitandika kitanda.

"Mtumbwini na mto huu mtamzamisha," Kombo alisema. "Kesho Jumanne."

"Kesho Jumanne kuna nini?" Idarusi akauliza.

"Ndege itapita."

"Itapita, ndio. Hupita kila Jumanne. Inapita tu, Kombo."

"Nitaondoa mawe. Nitawasha mioto miwili. Rubani ataona."

Vijana walitazamana. Bi Mwanahamisi alisimama mlangoni, na damu mikononi. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema, "na hili ndilo tumbo lenyewe." Kijakazi alilia akasema mchukueni, mchukueni mwanangu. Lakini ni baba aliyepaswa kutoa idhini, na wanaume wale walikuwa wamelelewa kutomnyang'anya baba neno lake ndani ya nyumba yake. Kitanda kikaegemezwa ukutani. Idarusi mpaka anakufa hakujisamehe kwa kukiegemeza.

Huko chumbani Chiku alimwita baba yake. Alikuwa amejaa jasho, na anatabasamu kwa shida. "Wataona, baba?" Kombo akasema wataona. Alikuwa anaamini. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake: mtu yule aliamini kwa roho yake yote kwamba mtu aliyefyeka vile hawezi kupitwa.

Alfajiri ya Jumanne kijiji kizima kiliingia uwanjani. Wanaume, wanawake, hata wazee wa msikiti walioucheka msalaba ule waliinama kubeba mawe. Mawe yaliondoka upesi. Kilichobaki chini yake ndicho ambacho hakuna aliyekifikiria. Majani yalikuwa yamekufa mpaka kwenye mizizi, na chokaa ya mwezi kwa mwezi, iliyoyeyushwa na masika, ilikuwa imelowea udongoni kama maziwa. Uwanja wote ulikuwa kijani kibichi, umefyekwa kama kichwa kilichonyolewa, na katikati ile mistari miwili iling'aa kuliko mawe yalivyopata kung'aa.

Kombo alisimama akaitazama. Kisha akapiga kelele walete matawi, walete makuti, walete chochote. Walikimbia. Mstari mmoja waliufunika. Wanawake walivua hata kaniki zao za juu wakazitandaza. Mioto miwili ilikuwa inafuka moshi mzito, mweupe, unaokwenda sawasawa kusini kama anavyotaka rubani, na moshi ule ulikuwa mzuri, ulikuwa moshi bora kuliko wote aliowahi kuwasha. Walikuwa katikati ya mstari wa pili waliposikia mlio.

Ndege ilitokea juu ya minazi. Ilishuka. Wote waliona imeshuka, na Kijakazi, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani kumwambia Chiku inakuja. Ilizunguka mara moja, chini kabisa, mpaka wakaona kichwa cha rubani kimeinama kuwatazama: watu wametapakaa uwanjani, maji yamesimama huku na huku, matawi, nguo nyeusi, na kipande cha mstari mweupe. Kombo alikimbilia katikati akipunga mikono yote miwili. Ndege ilitikisa mabawa, namna marubani wanavyosalimia, ikapanda, ikaelekea kusini.

Rubani simlaumu. Aliyoyaona ni uwanja uliofungwa na watu wanaofanya usafi na kuchoma taka.

Hapo ndipo wakachukua kitanda. Walimbeba Chiku kwenye tope la magotini, wanapokezana, Kombo akishika mguu wa mbele na hataki kupokewa. Hawakufika mtoni. Kwenye mteremko wa mwisho, maji yakisikika, Bi Mwanahamisi aliyekuwa akitembea pembeni na mkono juu ya tumbo la mgonjwa aliwaambia wasimame. Waliposimama alimfunika uso. Mtoto alikufa naye, bila kuzaliwa. Mtumbwi ulikuwa umefungwa pale chini, na mjomba wa Idarusi amekaa ndani yake tangu jana yake, anawangoja.

Walimzika jioni ile, nyuma ya nyumba ya baba yake, mahali ambapo ukisimama unauona uwanja.

Miraji alipata habari akavuka mto kwa mtumbwi ule ule, akafika matanga yakiwa yanaisha. Watu walimpokea wakakaa naye. Alipouliza mambo yalivyokuwa, Idarusi alikohoa, akasema ndege ilikuja lakini tope lilikuwa jingi, isingeweza kutua, ni kazi ya Mungu. Hakuna aliyeongeza. Kijiji kilikuwa kimekubaliana bila kikao kumfunika Kombo, kama Chiku alivyomfunika. Kijakazi alikuwa ndani na wanawake, na hata yeye hakutoa neno nje ya mlango.

Miraji alimwendea mkwewe, akakaa chini karibu na miguu yake. "Baba, nimesikia ulivyohangaika. Nimesikia ulikimbia uwanjani, ukambeba mwenyewe. Mungu akulipe." Kombo aliivuta miguu yake nyuma. Angepigwa fimbo angeona nafuu.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, Miraji alitaka kulijengea kaburi ukingo. Alikuwa fundi, alisema, na hakuwa na kingine cha kumpa. Mwiko alikuja nao. Alitafuta mawe, na mawe yalikuwa yamerundikwa ukingoni mwa uwanja, makubwa, meupe, yanalingana, kama vile yamechaguliwa kwa kazi hiyo. Aliyaendea kwa macho, kisha akayaendea kwa miguu, na Kombo akamfuata nyuma, amebeba ndoo ya chokaa aliyoichanganya alfajiri kwa ajili ya ukingo huo.

Miraji aliinua jiwe la kwanza. Fundi hawezi kushika kitu kilichopakwa asikigonge. Aligonga kwa ncha ya mwiko, na kipande cha chokaa kikabanduka, kinene kama ganda la chungwa. Alikigeuza, akakitazama pembeni. Chokaa iliyopakwa mara moja ina ukoko mmoja. Hii ilikuwa ukoko juu ya ukoko, na katikati ya kila ukoko kuna uzi wa vumbi. Alichukua jiwe jingine akagonga. Akachukua la tatu.

"Baba," alisema, bado ameinama. "Mawe haya yalikuwa ya nini?"

"Ya kuonyesha uwanja umefungwa."

"Ulikuwa unayapaka kila lini?"

Kombo angeweza kusema kila wiki. Angeweza kusema yalikuja na chokaa yake kutoka misheni. Idarusi angeapa, na kijiji kingeapa. Lakini lilikuwa swali la kazi, na juu ya kazi yake Kombo hakuwa amejifunza kusema uwongo.

"Kila mwezi."

"Na siku ile uliyokuja kwangu na jogoo?"

Kombo alitazama nyasi. Zilikuwa zimeanza kurefuka. "Yalikuwa yamekwisha pakwa mara tatu."

Miraji aliliweka jiwe chini polepole. Alichukua gunia tupu, akashuka peke yake mpaka kijito cha nyuma ya kijiji, akarudi na mawe meusi yanayochuruzika maji, akashuka tena, akarudi tena. Idarusi alitaka kumsaidia, akamkatalia kwa mkono. Mpaka jua linafika utosini alikuwa amemaliza ukingo, mawe yameshikana vizuri bila chokaa hata tone. Kisha akaingia ndani, akambeba Mwatumu aliyekuwa analala kwa bibi yake, akamwomba Kijakazi nguo za mtoto. Kijakazi alijua maana yake. Alizifunga, akampa, akarudi kukaa.

Kombo alikuwa bado amesimama kando ya kaburi na ndoo yake. Alipoona mkwewe anatoka na mtoto begani, alichovya ufagio wa makuti kwenye chokaa, akainamia ukingo mpya, labda kwa kukosa la kufanya na mikono yake.

"Hili usilipake, baba," Miraji alisema.

Akamgeuza mtoto aangalie mbele, akashika njia ya mtoni. Kombo alibaki ameinama, ufagio mkononi, na chokaa ikachuruzika kwenye majani mpaka ikakauka.